Mkamwana Chini ya Dirisha

Nilifika Mbebe nikitokea Mkwajuni, nikamkuta shemeji yangu Andongwisye, mume wa marehemu dada yangu, amelala chali, pua imechongoka. Mwanawe Yesaya alikuwa safarini, yuko njiani kurudi. Nyumbani alibaki mke wa Yesaya, Ketrina, na huyo ndiye anayejua kuuguza. Ni mhudumu wa afya wa kijiji miaka mingi. Ila kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Huyu akipita huku, yule anapita kule. Basi akaketi nje, chini ya dirisha, na mimi ndani nikawa mikono yake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uji. Nilimtia kijiko kimoja, ukakwama, akakoroma kama pikipiki iliyokataa mlima.

"Mgeuze ubavu, mjomba," Ketrina akasema dirishani. "Taratibu. Uji basi. Koo limechoka kumeza. Lowesha kitambaa umpanguse midomo."

Nikafanya.

"Miguu ikoje?"

"Ya baridi. Ngoja nilete jiko la mkaa."

"Usilete, utamuunguza. Si baridi ya mlimani hiyo. Damu inarudi kati, kwenye moyo. Magoti?"

Nikafunua blanketi. "Yana madoa ya zambarau."

"Na pumzi?"

"Anavuta, anavuta, halafu anaacha. Nikisimama kukuita, anavuta tena. Nadhani ananitania."

"Imebaki siku moja, mjomba. Pengine haifiki."

Shemeji akakunja uso. Nikapapasa mgongoni, shuka limelowa. Nilijaribu kumnyanyua nikashindwa. Hata mimi mifupa imezeeka. Siku yake ya mwisho alale kwenye majimaji, na mwenye kujua yupo hatua tatu tu? Nikamwinamia sikioni.

"Shemeji, Ketrina aingie?"

Pumzi ikakatika. Nikahesabu hadi kumi na mbili.

"Aingie," akasema. "Mkono wako mzito kama jembe."

Ketrina alisikia, lakini hakuinuka. "Miaka kumi na tisa, mjomba. Mimi namjua mgongo tu."

"Basi anza na huo huo mgongo. Ndio uliolowa."

Akaingia, kitenge kimemfunika hadi machoni. Akamgeuza kama mtu anayegeuza mtoto mchanga, akabadili shuka, akamwekea mto nyuma. Mkoromo ukapungua. Ndipo akashusha kitenge.

"Baba, ni mimi."

Shemeji akamtazama kwa kitambo. "Kumbe unafanana na sauti yako."

Ketrina akacheka, machozi yanamtoka.

Yesaya alifika kesho yake asubuhi, baba yake hafumbui macho tena.

"Masikio bado yapo," mkewe akamwambia. "Msalimie."

Akamsalimia. Saa sita mchana pumzi ikasimama, taya likalegea. Tukaingoja irudi, haikurudi. Ketrina akamfumba kinywa kwa kiganja chake.

Wazee wa ukoo walipokuja kuuliza nani alikuwa anamuuguza, Ketrina alitoka akasimama mlangoni, uso wazi.

"Mimi," akasema.

Wakatazamana. Kisha mkubwa wao akavua kofia, akamwambia, "Pole, binti," na wengine wakafuata.