Mlete Mtoto na Nguo Zake

Jumanne, tarehe 4 Machi. Asubuhi ilikuwa na manyunyu na upepo wa kupenya nguo. Nilisali, nikamsuka Chiriku nywele, tukaenda mahakamani.

Chiriku si wa tumbo langu. Ofisa wa ustawi wa jamii alimleta kwangu akiwa hajaota meno, mama yake amefariki. Sasa amejitokeza baba yake mdogo, ambaye hajawahi hata kumjulia hali, na ofisa yuleyule anataka nimkabidhi kwake. Jana jioni alinipigia simu: "Kesho mlete mtoto na nguo zake." Basi.

Karani alinionyesha benchi la nyuma. "Mama, kaa huko na wasikilizaji. Wewe humo kwenye kesi."

"Nimemlea mimi."

"Ndiyo, umelea. Asante."

Asante. Kana kwamba nilimshikia mtu mwavuli.

Ofisa akasimama mbele ya hakimu. "Mheshimiwa, mtoto hamwoni mlezi kama mzazi. Anamwita shangazi."

Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Ukutani kwangu ipo picha ya marehemu, na kila jioni tunamwombea. Nilitaka jina la mama libaki la mwenyewe. Heshima hiyo ndiyo wameigeuza fimbo ya kunichapia.

Nikasimama. Karani akaniashiria nikae, sikukaa.

"Mheshimiwa, naomba kusema. Kama hairuhusiwi, niambieni ni sheria gani hiyo inayoniruhusu kukesha na mtoto mwenye homa, halafu inanikataza kufungua mdomo."

Mtu mmoja akacheka. Hakimu hakucheka. Alimgeukia ofisa. "Mlezi alipewa taarifa ya shauri hili?"

"Mheshimiwa, kwa kawaida huwa..."

"Alipewa, hakupewa?"

"Hakupewa."

Hakimu akavua miwani. "Ana haki ya kusikilizwa. Shauri linaahirishwa, mtoto anabaki alipo. Baba mdogo atamtembelea hukohuko. Mama, utampokea?"

Baba mdogo, aliyekaa mbele karibu na ofisa, aliangalia viatu vyake. Chiriku, amekumbatia mfuko wa nguo, akanivuta kanga. "Shangazi, tunarudi nyumbani?"

Nilimwomba Mungu anishikie ulimi, kisha nikasema kwa sauti, karani, ofisa na benchi zima wakisikia:

"Mlango nitamfungulia, na chai nitampa. Lakini naahidi mbele yenu nyote: siku ya kusikilizwa nakuja, na huku nyuma sikai tena."