Mita Nane za Kaltumi

Kaltumi alikwenda ofisi ya mipango ya jiji mara tatu kuuliza jambo moja: kiwanja chake, kule mteremkoni chini ya kilima cha Naguru, kimo katika ukanda gani, na je, kinatosha kujengwa nyumba ya ghorofa? Alikuwa muuzaji wa masufuria yanayofuliwa mtaani Katwe, mwanamke aliyezoea kuuliza na kujibiwa papo hapo.

Mara ya kwanza, afisa aliyeitwa Odoch, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino, alimwonyesha ramani ukutani. Kiwanja kilikuwa cha njano: makazi. Mara ya pili Odoch alisema ramani ile imebaki pale kuficha ufa tu. Katika ramani mpya kiwanja ni cha kahawia: maduka na maofisi. Mara ya tatu aliwasha kompyuta, akaikodolea macho, akatangaza kwamba kiwanja kimo ndani ya kambi ya polisi.

"Basi polisi wamelala chumbani kwangu miaka ishirini," Kaltumi akasema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniamkia."

"Mama, mimi nasoma tu kinachoonekana."

"Kanuni zenyewe ziko wapi?"

Odoch alishangaa. Katika miaka yake tisa dirishani watu walikuwa wameomba vibali, msamaha, hata kazi. Kanuni hakuna aliyeziomba. Akainua chupa ya chai, akatoa kitabu kilichokuwa chini yake.

Kaltumi alivaa miwani akasoma palepale, foleni nyuma yake ikiguna. Mtaa wao ulikuwa wa makazi, kwa maandishi. Lakini kiwanja cha ghorofa kilitakiwa kiwe na upana wa mita kumi na tano. Chake kilikuwa na nane.

Akaomba faili lake ahakikishe. Odoch alileta mawili, yameshikana kwa kutu ya pini. La pili lilikuwa la Zulaikha, dada yake kwa baba. Naye aliomba ghorofa. Naye alikuwa na mita nane.

Marehemu baba yao, Abdul-Latif, ndiye aliyekata kiwanja katikati ili mabinti wasigombane. Tangu hapo walikuwa hawajasalimiana miaka sita. Imamu aliwasihi, wajomba wakafoka, wapi.

Jioni hiyo Kaltumi alibisha mlango wa jirani. Zulaikha alifungua nusu.

"Una mita nane," Kaltumi akasema.

"Nani kakuambia?"

"Serikali. Na mimi ninazo nane. Hivi tulivyo, hakuna atakayejenga. Tukiunganisha ni kumi na sita, na kitabu kinaruhusu, nimekisoma."

Zulaikha akauegemea mlango. "Yaani hukuja kuomba radhi?"

"Nimekuja na vipimo."

"Haya, ingia. Radhi utaombea ndani."

Hakuna aliyeomba. Walikunywa chai, wakachora nyumba nyuma ya kalenda, wakagombana kuhusu ngazi mpaka wakachoka.

Kibali kilitoka baada ya miezi saba. Odoch aliwaeleza wakubwa wake kwamba dirisha lake sasa linasuluhisha hata familia, nao wakampa cheti. Kaltumi amechukua chini, Zulaikha juu, na kila mmoja anafurahi kimoyomoyo kwamba mwenzake ndiye aliyepunjwa.