Siku Niliyokalia Kinu cha Mama

Nimekalia kinu cha mama yangu, uani kwake Mbuchi, mchana kweupe, majirani wamejaa. Mimi mtu mzima, mwenye kitambi na diploma ya kilimo. Kwetu hukatazwa kukalia kinu tangu utotoni, na ukiuliza sababu hupewi, unapewa kofi. Kinu chenyewe kimepinduliwa, tako juu, na Mzee Mshamu kasimama mbele yangu na mchi hewani. Hana pa kuushusha, labda kichwani kwangu.

"Abubakary," mama akasema. Mama akilitaja jina langu lote, ujue pana msiba. "Inuka kwenye kinu changu."

"Siinuki, mama."

"Baba, watu wanakutazama."

"Hawanitazami mimi. Wanatazama kinu kilichoota kichwa."

Zabibu, jirani wa mama, akacheka, halafu akakumbuka hapachekwi, akakimezea kile kicheko kwenye khanga. Mke wangu Ashura alikuwa kapiga magoti chini, kamkumbatia binti yetu. Mtoto kaziba sikio kwa mkono mmoja, wa pili anaung'ata kifundo, analia kilio kile kisicho na mwisho wala mwanzo.

Kabla hujaniona mwendawazimu, ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mwanasiti tulimpata wakati majirani zetu wa Kibiti walishatuhesabu kwenye wazee. Wengine walidhani ni mjukuu, nami sikuwakatalia, mzee hupunguziwa mchango wa harusi. Tulimpa jina la marehemu bibi yangu, mzaa mama. Mtoto mnene, mzuri, nywele nyingi. Lakini alipokaribia miaka miwili tukaona ukimwita hageuki. Haoneshi kitu kwa kidole. Vijineno vyake viwili vitatu vilivyokuwa vimekuja, vikaondoka kama wageni walioona chakula hakitoshi. Akipata mfuniko wa sufuria atauzungusha sakafuni kama pia, anautazama, jua linahama ukuta mpaka ukuta.

Hapo ndo utajua mtaa wako una madaktari wangapi. Mmoja alisema ulimi umefungwa, ukatwe kishipa. Mwingine akasema ni simu, mtoto kalelewa na katuni. Mwingine, huyu ndo aliyetuumiza, akasema Ashura alikatiza mikokoni na mimba jua la utosi, akakanyaga pasipokanyagwa. Hakumwambia yeye. Aliwaambia wote isipokuwa yeye.

Mama yangu, Bi Mwanaharusi, yeye hakumlaumu mtu. Alisema jina limemlemea mtoto.

Ndo desturi ya ukoo wetu. Mtoto akiwa mgonjwamgonjwa au mzito wa kukua, anavuliwa jina kama nguo iliyombana, anavikwa jingine. Kaka yangu mkubwa alibadilishwa majina mpaka yakakaribia kutuishia, na leo ni jitu, linaingia mlangoni ubavu. Basi Mwanasiti akawa Faraja. Na ukishabadilisha, lile la kwanza halitajwi tena. Ukilitaja unauita ule uzito urudi.

Sasa fikiri na wewe. Mtoto haitikii jina, sisi dawa yetu ni kumnyang'anya hilo hilo alilokuwa anajaribu kulizoea. Wakati ule hakuna aliyeliona hilo, pamoja na diploma nyumba nzima.

Tuliambiwa na daktari mmoja wa watoto, huko Dar es Salaam, dada mdogo tu, miwani imemshinda pua. Alituuliza swali la kwanza, jepesi kuliko yote.

"Anaitwa nani?"

"Mwanasiti," akasema Ashura.

"Faraja," nikasema mimi.

Kwa pamoja. Daktari akaweka kalamu chini, akatutazama vile unavyowatazama watu wenye mtoto wa wizi. Tukamweleza. Nikamwona anapambana na kicheko, kikamshinda.

"Mnasema haitikii jina," akasema. "Mlitaka aitikie lipi?"

Alikaa naye sakafuni muda mrefu. Akatuuliza mengi, akatuita tena siku nyingine, akamtazama tena. Mwishoni ndo akalitaja hilo neno, usonji. Akasema si pepo, si laana, hauambukizi, ubongo wake ndivyo ulivyojengeka. Anasikia. Tena wakati mwingine anasikia kupita kiasi, sauti ambayo kwetu ni kelele tu, kwake inachoma. Na akasema si kosa la mama.

Ashura akamwomba arudie hapo mwisho.

"Si kosa lako, mama."

"Tena."

Daktari akarudia. Ashura akalia mpaka nikatoka nje kutafuta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Tukarudi Kibiti na jina moja, Mwanasiti. Tukafundishwa tusimwite kwa mbali, tusogee mbele yake, tulitaje polepole, halafu tungoje. Kungoja ndo kazi. Nilimweleza mama yote kwa simu. Akasikiliza, akauliza, "Wamekupa dawa?"

"Haina dawa, mama. Kuna kumfundisha."

"Basi hospitali wameshindwa," akasema. Ukimtazama kwa upande wake, alikuwa sawa kabisa.

Haukupita muda mrefu akatuita tukale mpunga mpya. Tukapanda pikipiki, tukapanda mtumbwi wa mashine, Mwanasiti mapajani mwangu, khanga kichwani kwa ajili ya ule mngurumo. Tulipoingia uani, nikaona kuku wameshachinjwa, mikeka imetandikwa, mmoja una mchele na ungo, Mzee Mshamu ndani ya kanzu ya Idi, na kinu kimepinduliwa. Nikaelewa. Mpunga mpya ulikuwepo kweli, lakini mgeni rasmi alikuwa jina jipya. Mtoto anakalishwa kando ya kinu kitupu, kinapigwa tako kwa mchi, na jina linapazwa sikioni ili limwingie.

Mzee Mshamu akapiga pigo la kwanza. Hata mimi lilinitikisa meno. Mwanasiti akajitupa chini kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mnaona?" mama akasema, na uso wake ulikuwa na matumaini, jamani, ndo lililoniuma. "Linakichukia kinu jina hilo. Piga, Mshamu!"

Maneno yote ya daktari nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga vizuri tangu Kibiti. Yakanikimbia yote, yakaniacha na miguu tu. Miguu ikanipeleka kwenye kinu, nikakaa.

Hapo ndo ulipotukuta.

"Bwana Shamba," Mzee Mshamu akaanza, mchi bado uko hewani. "Mama yako katueleza kuna neno mmepewa mjini. Usonji. Ndo mbegu gani hiyo?"

Hakuwa anatania. Tangu anifahamu, mimi nikifika pale naongelea mbegu za mpunga. Lakini uwanja mzima ukacheka, na kicheko kile kikanirudishia akili.

"Si mbegu, mzee. Ila hebu nikuulize wewe mkulima. Mpunga ukishachanua, ndege wakija, mnafanyaje kule kwenye dungu?"

"Tunaamia. Tunapiga debe."

"Ukipiga debe, ndege wanakuja au wanakwenda?"

"Wanakwenda! Si ndo maana ya debe?"

"Na sisi huyu mtoto tunataka aende au aje?"

Mzee Mshamu akageuka. Akamtazama Mwanasiti pale chini. Akautazama mchi. Akaushusha taratibu, akauegemeza ukutani kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Watu wakaanza kuguna. Zabibu akasema, "Lo, kumbe tunamwamia." Lakini mama yangu si mtu wa kushindwa kwa fumbo.

"Unanisomea diploma, Abubakary? Uani kwangu?"

"Hapana, mama."

"Wewe na mkeo mnarudi Kibiti. Mimi nabaki. Hivi mimi nikifa kesho, huyu atajua alikuwa na bibi? Mtoto mkubwa huyu. Hajaniita hata mara moja." Sauti ikamvunjika, akaikohoa. "Hajawahi kuniita, baba."

Hata mimi alikuwa hajawahi kuniita.

Uwanja ulikuwa umetulia, na ndani ya ule utulivu kilio cha Mwanasiti kikaisha, polepole, kama mtungi unaomalizika maji. Akajitoa mikononi mwa mama yake. Akasimama. Nikamnyooshea mkono, akaupita. Akampita Zabibu, akampita Mzee Mshamu, kichwa chini, mpaka kwa mama yangu. Akamshika kifundo cha mkono, si kiganja, kifundo, vile unavyoshika mwiko. Akamvuta.

"Si ndo haya!" mama akalalamika. "Kila akija ananikokota namna hii, kama kitu, hata usoni hanitazami."

"Mfuate, mama."

"Wapi?"

"Mfuate tu."

Akafuatana naye mpaka kwenye mkeka wa mchele. Mwanasiti akauweka ule mkono juu ya ungo, akauachia. Mama akachutama, nadhani kwa mazoea tu, mkono ule umepepeta tangu hajavunja ungo. Akachota, akaanza. Shwa, shwa, shwa. Pumba zikaruka, punje zikarudi. Mwanasiti akainama, akaleta sikio karibu kabisa na ungo, sikio lile lile lililokuwa limezibwa. Akawa anajiyumbisha, na kooni mwake kukawa na sauti nyembamba inayofuata ungo.

Mama akaacha kupepeta, amtazame. Kile kimkono kikarudi kwenye kifundo chake.

Akapepeta. Akaacha tena, safari hii kwa kusudi, nilimwona. Kimkono kikarudi. Na kabla hakijamwachia, Mwanasiti akainua macho, akamtazama bibi yake usoni, kidogo tu, kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama wenyewe wapo.

Ungo ukabaki hewani.

"Ananiita," mama akasema.

Akanigeukia.

"Abubakary! Huyu mtoto ananiita mimi."

"Ndiyo, mama. Kakuita siku nyingi."

Mama hakulia. Alipepeta. Alipepeta mchele uliokwisha kuwa mweupe, akapepeta mpaka hata pumba za kutafuta hazikuwepo, na watu wazima wote wale wamesimama kuwatazama bibi na mjukuu wanaongea. Ashura alikuwa kasimama wima, hajifuti machozi, kidevu juu. Tangu yale maneno ya mikokoni, sikuwahi kumwona kasimama hivyo mbele za watu.

Mzee Mshamu ndo akakohoa. "Sasa, Bi Mwanaharusi, lile jina…"

"Mwanasiti huyu," mama akasema bila kuinua uso. "Kale kuku, Mshamu. Na wewe Abubakary, toka kwenye kinu changu, kitambi hicho kitanipasulia."

Hayo yana miaka miwili na ushee. Nisikudanganye kwamba tulirudi Kibiti na mtoto mwingine. Ni yule yule. Bado zipo siku anajing'ata, bado mfuniko unazunguka. Sasa yuko darasa la awali, mwalimu wake kamwekea kiti pembeni mbali na kengele, na maneno anayo machache, anayatumia kwa ubahili kama mtu mwenye chumvi ya mwisho. Siku aliyosema "maji" nilimpa ndoo nzima.

Mwezi uliopita mama alikuja kututembelea. Tukaenda wote kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mimi na gunia begani, yeye na Mwanasiti nyuma. Kibiti siku hiyo kila mtu alikuwa na mpunga. Foleni ilikuwa imetoka nje mpaka barabarani, na njia ya kwenda kwetu inapita pale pale mbele ya mlango wa mashine. Mashine ikanguruma. Mwanasiti akaketi chini katikati ya watu, mikono masikioni, akapiga ukelele.

Mwanamke mmoja kwenye foleni akasogea, kwa huruma kabisa. "Bibi, mjukuu wako ana pepo huyo. Namjua mtu."

"Hana pepo. Ana usonji," mama akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kusema mtoto kaota meno. "Anasikia kuliko wewe."

Akavua khanga ya kichwa, akamfunika nayo mjukuu wake, akaenda mpaka mlangoni kwa kijana wa mashine.

"Zima."

"Bi mkubwa, si unaona foleni?"

"Naiona. Zima. Mjukuu wangu anapita."

Sijui yule kijana aliona nini usoni mwa mama. Mimi nakijua, kimenilea. Akazima. Mkanda ukazunguka zunguka peke yake, ukachoka, ukasimama, na pakawa kimya kiasi cha kusikia punje zinazodondoka kwenye debe. Mama akarudi, akachutama mbele ya mtoto, akalitaja jina lake mara moja, polepole. Akangoja. Foleni yote ikangoja. Kimkono kikatoka ndani ya khanga, kikatafuta kifundo, kikashika.

Wakapita katikati yetu, mdogo mbele, mkubwa nyuma anavutwa, kichwa wazi, mgongo umenyooka kama mchi. Watu wakavuta magunia kuwapisha.

"Yule bibi nani?" mtu wa nyuma yangu akauliza.

"Mama yangu!" nikamjibu, kwa sauti ya kushindana na mashine, na mashine ilikuwa imezimwa, Kibiti nzima ikasikia.