Tangazo Nililoliandika Mwenyewe

Usinione nimenyamaza, moyoni nawaka. Miaka tisa nimefundisha historia chuoni kwetu hapa Ruhr, Ujerumani, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, kila Septemba naomba Mungu nisitemwe. Basi mwezi wa tatu Profesa Gesine Wischnewski, aliyenishika mkono tangu nikiwa mwanafunzi, akaniita ofisini kwake, akafunga mlango.

“Ilka, nafasi ya kudumu imepatikana. Niandikie tangazo lake.”

Huku kwetu kila mtu anajua: tangazo la kazi ya chuo hushonwa kwa vipimo vya mtu fulani. Ukiambiwa ulishone mwenyewe, umeshapata. Nami nikalishona likanikaa: historia ya wachimba makaa ya mawe, uzoefu wa kufundisha, na uwezo wa kusoma mwandiko wa mkono wa zamani, ambao bibi alinifundisha kwa barua za babu.

Profesa alisoma, akacheka. “Hili hata ukilivaa gizani litakutosha!”

Baba yake naye, kama wangu, alikuwa mchimbaji. Siku zote Profesa alisema, “Sisi watoto wa mgodi tushikane.” Nikamwamini, mjinga mimi. Baba yangu akautangazia mtaa mzima, akawachomea majirani soseji.

Juni tangazo likatoka. Maneno yangu yote yalikuwemo, ila umeongezwa mstari mmoja: lazima mwombaji awe amefanya utafiti nje ya nchi miaka miwili. Mimi sijatoka. Nilibaki kumuuguza mama, na Profesa mwenyewe alikuja mazishini. Aliyetoka ni Konstantin, mwenzetu wa idarani, mtoto wa jaji, aliyekaa Marekani kwa pesa za baba yake. Akapata yeye. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaingia ofisini kwa Profesa bila hodi.

“Profesa, umenifanyia nini?”

“Kaa kwanza, mwanangu.”

“Sikai! Ule mstari nani kauweka?”

“Mimi.” Wala hakupepesa macho. “Konstantin ana pa kwenda, Ilka. Nisingempa ya kudumu, angeondoka. Wewe utabaki hata kwa mkataba wa mwaka. Sisi shida tumeizoea. Sasa nimewapata nyote wawili.”

“Sisi nani? Wewe si una kiti chako cha uprofesa!”

Akanisogezea karatasi: mkataba mpya, miezi kumi na miwili. Kazi ya kwanza, kumfundisha Konstantin kusoma mwandiko wa wachimbaji.

Nilitaka kuichana nimrushie usoni. Lakini nina miaka arobaini na mmoja, na ujuzi wangu ni kusoma barua za marehemu. Nani mwingine angenichukua? Nilimchukia, nikajichukia na mimi mwenyewe.

Nikaomba kalamu. Alikuwa ameshaitoa kifuniko.