Olraiti ya Faradji

Faradji alirudi Kasongo kutoka msafara wa Mwingereza mmoja, alikokuwa akibeba sufuria, na Kiingereza chote alichorudi nacho kilikuwa neno moja: olraiti. Afadhali angerudi na homa, tungempa dawa.

Ukimpa chakula, olraiti, maana yake kimeiva. Akivunja mtungi wako, olraiti, maana yake haidhuru. Mimi nilipomdai jembe langu alisema olraiti, na jembe sijaliona mpaka leo. Tulipomwuliza neno hilo lina maana gani hasa, alitutazama kwa huruma, akasema Kiingereza ni kirefu. Alinichosha roho.

Siku ya ndoa yake na Feza, binti wa Lukumani msuka mikeka, tulikaa barazani huku wali na kuku vikinukia uani. Mwalimu Assumani akaenda mlangoni, penye pazia, kumwuliza bibi harusi kama amemkubali Faradji. Kwetu msichana huulizwa, naye kwa haya hunyamaza, na kule kunyamaza huhesabiwa kuwa amekubali. Feza hakunyamaza. Kwa sauti ya kufika sokoni alisema, "Olraiti."

Mwalimu alirudi ameduwaa. Kimya anakijua, ndiyo anaijua, hapana anaijua. Hili hakulisoma popote. Akamtaka Faradji aeleze maana yake. Kabla hajafungua kinywa, jirani mmoja aliyevunjiwa mtungi akasema maana yake ni haidhuru. Mimi nikasema ni subiri mpaka kiyama. Mama yake Feza, huko uani, akasema ni kimeiva, watu wakacheka. Mwalimu akafunika kitabu: maana isipojulikana, ndoa hakuna.

Faradji alitokwa jasho hadi kanzu ikamganda mgongoni. Nilimwonea huruma, ingawa si sana.

"Miye sijui maana yake," akasema mwishowe. "Muzungu alikuwa analisema kila saa, nami nikalichukua. Lakini Feza ninamupenda, na hiyo najua."

Pazia likatikisika. "Sasa nimekubali," Feza akasema. "Nilikuwa nangojea aseme kitu chenye miye naelewa."

Mwalimu akafunua kitabu tena, akamwuliza Faradji kama naye amekubali. Faradji, kwa mazoea, akaviringa midomo kama anayetaka kupuliza moto. Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Nimekubali," akasema Faradji, nasi tukaenda kula.