Doa Chini ya Rangi Nyekundu

Mama, fundi cherehani, hakuwahi kuziona kucha za binti yake zikiwa tupu tangu binti aanze kazi ya kupaka kucha saluni. Kila wiki rangi mpya, mpaka wateja wakambatiza Bi Rangi. Asubuhi moja binti alikuwa anafuta rangi nyekundu kwa pamba, mama akapita na kikombe cha chai, akaona. Chini ya kucha ya dole gumba, doa jeusi kama punje ya dengu.

"Nini hicho?"

"Hamna kitu, mama." Dole likafichwa kiganjani.

"Hamna kitu ndiyo kinafichwa?"

"Doa lina wiki ya tatu. Sasa nani ataniachia kucha zake, akiona yangu imeoza?"

Mama alishasikia kuna kansa inayoanzia kwenye kucha. Chai akaiacha pale pale, akamshika binti mkono kama mtoto anayevushwa barabara, moja kwa moja hadi zahanati.

Daktari aliangalia kwa kioo cha kukuzia chenye taa. "Kuna kitu kilikubana?"

"Hapana," wakajibu wote wawili.

"Inaelekea ni damu iliyovilia, lakini sitaki kubahatisha." Akachukua tupa ndogo, akakwaruza alama juu ya kucha, usawa wa ukingo wa nyuma wa doa. "Kama ni damu, itasogea mbele pamoja na alama, nyuma ije kucha safi. Ikibaki pale pale, au ukitokea mstari kutoka kwenye shina la kucha, msingoje, njooni tukate kipande tupime. Vinginevyo, rudini baada ya wiki sita. Na rangi, marufuku."

Wiki sita! Mama alishona suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Kila asubuhi: "Lete dole."

"Mama, si umeliona jana?"

"Lete."

Siku ya kurudi, daktari aliinama na kioo chake, kisha akatabasamu. Doa na alama vilikuwa vimesogea pamoja, nyuma yake kucha changa, safi kabisa. "Damu tu. Litasogea na kucha, liishie kwenye mkasi."

Mama alishusha pumzi hadi mabega yakalegea. Halafu akashika mdomo. "Ile droo ya cherehani! Ulikuwa unatafuta sindano, nami nikaisukuma kwa goti."

"Nikapiga kelele, ukasema nadeka!"

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia.

Binti anapaka wengine rangi mpaka leo, ila mteja hapakwi juu ya rangi ya zamani. Mama akiwa amekaa pale saluni, hudakia yeye kumwambia mteja: "Futa kwanza, mwanangu, tuone kucha. Na ukiona doa usilolijua, usilifunike. Lipeleke kwa daktari."