Dakika Nne za Mfumo

Mimi naitwa Scola, na kama kuna kitu nimekichukia katika maisha yangu, ni ule mfumo. Kazi yangu ni kupokea simu katika ofisi yetu pale Katubuka, ofisi ya gari la wagonjwa la wanyama. Ndiyo, wanyama. Cheka, ukimaliza tuendelee. Mbwa kagongwa, punda kavunjika mguu, ng'ombe kashindwa kuzaa, wewe unapiga, mimi namtuma Daktari Pastory na gari lake, basi.

Zamani nilikuwa na daftari na simu tu. Napiga: "Pastory, uko wapi?" Ananiambia yuko Mwandiga anakunywa chai, namsema kidogo, anaondoka. Halafu mkurugenzi wetu, Mama Klementina, akatuletea mfumo. Kila kesi inafunguliwa kwenye kompyuta, garini kuna kishikwambi kinachosema gari lilipo, na skrini inaniambia zimebaki dakika ngapi lifike. Daftari langu akalifungia kabatini. "Scola, twende na wakati," akaniambia.

Wakati gani? Ule mfumo hata saa haujui! Gari likishuka kandokando ya ziwa, kishikwambi kinadaka mtandao wa ng'ambo, wa Kongo, ambako saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Basi kila kitu kinavurugika. Siku moja ulinionyesha gari liko katikati ya Tanganyika, linaelea, limebakiza dakika tatu. Siku nyingine ukasema limeshafika Ujiji, nikamwambia mwenye mbuzi afungue geti, kumbe Pastory ndiyo kwanza anaweka mafuta. Yule mwenye mbuzi alinisema mpaka nikaiweka simu mezani, na bado nikawa namsikia. Nimeenda kwa Mama Klementina mara tatu. Jibu ni lile lile: "Wataalamu wanalifanyia kazi." Loo! Wataalamu hawapokei matusi wao, napokea mimi.

Sasa Jumanne ile, saa nne asubuhi, ikaingia simu kutoka Ilagala.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mwanvua. Mtamba wangu anakufa. Aliingia kwenye maharage ya jirani alfajiri, sasa tumbo limevimba upande wa kushoto, limekaza kama ngoma. Amelala, ulimi nje."

Nikafungua kesi. Kwa bahati Pastory alikuwa barabara hiyo hiyo, ametoka kumtibu mbwa kule Simbo. Nikamtuma. Mfumo ukasema dakika thelathini na tano. Nikamwambia Mwanvua wamgeuze ng'ombe, kichwa kiwe upande wa juu, na asikate simu. Akawa anaongea huku analia. Mtamba ana mimba ya miezi saba. Ni ng'ombe wake wa kwanza na wa pekee, amemlea tangu ndama, kusudi akianza kumkamua aachane na kugombania dagaa kule mwaloni kwenye mitumbwi, na magoti yake yale mabovu.

"Mwanangu," akasema baada ya muda, "anakoroma. Shemeji yangu yuko hapa na kisu. Anasema tumwahi. Tumchinje au tusubiri?"

Swali hilo ndilo linaloninyima usingizi katika kazi hii. Mwanvua ni Mwislamu. Ng'ombe akikata roho mwenyewe ni kibudu, haliwi, anafukiwa na ngozi yake. Akichinjwa angali hai, angalau nyama inapatikana. Lakini ukishachinja, umechinja na ndama wa tumboni, na maziwa yote uliyokuwa unayasubiri.

Nikatazama skrini. Dakika kumi na nne.

"Subiri, mama. Yuko karibu."

Nikasubiri na mimi, nimeshika simu kwa mikono miwili. Zikapita dakika tano kwa saa ya ukutani. Skrini: kumi na nne. Zikapita nyingine tano. Kumi na nne! Nikachukua simu ya pili nikampigia Pastory. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikapiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. Kurudi kwenye skrini, ghafla imeandika dakika nne.

Nikacheka, cheko la hasira. Dakika nne! Wiki iliyopita hizo hizo dakika nne zilikaa pale saa nzima, na punda wa watu akafa.

"Macho yanageuka," Mwanvua akasema. "Shemeji anasema akichelewa kidogo tu ni kibudu. Mwanangu, niambie kweli. Wanafika?"

Nilitakiwa kumsomea kilichoandikwa. Ndivyo Mama Klementina alivyotufundisha, soma kilichoandikwa. Lakini nilikuwa nimejaa mpaka hapa kooni. Nilikuwa nimechoka kuwadanganya watu kwa niaba ya mashine.

"Mama, hii mashine ni mwongo," nikasema. "Mimi sitakudanganya. Mchinjeni."

Nikasikia mtu akisema Bismillahi. Nikasikia miguu ikihangaika kwenye majani, kisha kimya. Mwanvua alikuwa amesahau kukata simu. Nami sikukata. Na kwenye simu hiyo hiyo, muda mfupi tu baadaye, nikasikia honi ya gari letu. Skrini ikaandika: Limefika.

Pastory alinipigia alipopata mtandao. "Scola, nani aliwaambia wachinje?"

Nikatazama skrini. Bado imeandika: Limefika.

"Ilikuwa gesi tu," akasema. "Nimeshuka na mpira mkononi. Ningeupitisha mdomoni, gesi ingetoka, ng'ombe angesimama."

"Umemwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Nimemwambia mmewahi."

Nilikaa pale, nikapokea simu za watu wengine, nikawajibu vizuri kabisa. Mchana Pastory akaingia, akaweka mezani kwangu kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba. "Kutoka kwa Mwanvua," akasema. "Amesema apewe yule binti wa simu." Hakukaa. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Ilagala.

"Mwanangu, umepata? Ni ini hilo. Nimekuchagulia mwenyewe, kabla watu hawajaanza kugawana." Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa ya mtu anayeshukuru kweli. "Mwingine angenibembeleza na mashine yake, subiri, subiri, mpaka nifukie kibudu. Wewe uliniambia kweli. Mungu akubariki."

Nikakisogeza kile kifurushi mbali na mkono wangu.

"Ndama alikuwa jike," akasema. "Basi, ndivyo Mungu alivyopanga."

Mungu hakupanga. Nilipanga mimi, kwa hasira zangu, wakati jibu liko mbele ya macho yangu. Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na Pastory pale mlangoni akatikisa kichwa taratibu, kunikataza.

"Asante, mama," nikasema. "Nimelipata."